Gemu ya Titanic ya 1996: karne unaiokoa, meli huiokoi

Kuna swali moja naulizwa na karibu kila mtu aliyewahi kuicheza ile gemu ya zamani ya Titanic, ile ya sidii mbili, na swali lenyewe ni hili: mbona niliimaliza vizuri, nikapata boti, nikapona, alafu mwisho ukaja mbaya? Mwingine anasema yeye alimaliza na dunia ikabaki vilevile kama hakufanya kitu. Mwingine anaapa aliona mwisho wa amani ila hajui alifanyaje, na akijaribu kurudia haupati tena. Wote wako sahihi. Hii gemu imesukwa kwa mafundo, na usipojua fundo lipi linashika lipi utaizunguka meli nzima, tezi mpaka omo, urudi kule kule ulikotoka. Kwahiyo nimeona bora nikae nilifungue lote mara moja, na ntasema mwisho wake pia, kama hujacheza na hutaki kujua basi kacheze kwanza.

Gemu yenyewe inaitwa Titanic: Adventure Out of Time. Ilitoka 1996, mwaka mmoja kabla ya ile filamu kubwa ya Titanic iliyotoka Desemba 1997, na watu wengi wanachanganya hapo, wanadhani gemu ilitengenezwa kufuata filamu, hapana, gemu ilitangulia. Filamu ilipotoka ndo gemu ikapandia mgongoni ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Waliotengeneza ni kampuni ndogo ya CyberFlix ya mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, ndani kabisa ya Marekani ambako bahari hakuna, na mwanzilishi wake Bill Appleton ndo aliandika na ile programu iliyoendesha gemu zao zote, DreamFactory. Stori iliandikwa na Andrew Nelson. Kampuni haikudumu sana baada ya hapo, ilitoa gemu ya maharamia 1998 alafu ikafungwa.

Mi niliikuta Tanga, kwenye kompyuta ya mjomba, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kompyuta ina kibodi imepauka rangi na maus ya kampira chini inabidi uitoe uifute kila baada ya siku mbili. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi. Sikuelewa nusu ya wanayoongea, ila nilielewa kwamba niko ndani ya meli ambayo najua itazama na wenyewe hawajui, na hilo peke yake lilinikalisha pale mpaka shangazi anakuja kuzima umeme ukutani.

Sasa stori. Wewe ni Frank Carlson, jasusi wa Uingereza, humwoni sura kwasababu unaona kwa macho yake. Gemu inaanza London, 14 Aprili 1942, miaka thelathini kamili baada ya ajali. Frank ni mtu aliyeharibikiwa, anaishi kwenye chumba cha kupanga, kazi ya ujasusi alishafukuzwa zamani kwasababu usiku ule wa 1912 alikuwa ndani ya Titanic kwa kazi maalum na kazi ikamshinda. Bomu la Wajerumani linaangukia jengo lake. Badala ya kufa anajikuta kwenye chumba C-73, Titanic, usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, kazi ipo mbele yake upya. (Kwa historia halisi mabomu mazito ya kila usiku London yalikuwa Septemba 1940 mpaka Mei 1941, lakini walitaka ile miaka thelathini kamili, na mi naona walichagua vizuri.)

Kwenye meli anakusubiri Penny Pringle, jasusi mwenzio, ndo anakupa kazi: kuna kitabu cha thamani kimeibiwa, kiko kwa Mjerumani mmoja, Kanali Zeitel, kirudishe. Basi unaanza kutembea na kubofya. Unabofya ukumbi unasogea, unabofya mlango unaingia, unabofya mtu anaanza kuongea na wewe unachagua la kumjibu. Sura za watu ni picha za waigizaji wa kweli zimetengenezewa midomo inayosogea, na kwa macho ya leo zinatisha kidogo, mdomo unacheza shavu limeganda. Ila sauti ziko vizuri sana na ndo zinabeba kila kitu. Kuna Buick Riviera anayekaa na karata akisubiri wa kucheza naye, kuna Sasha Barbicon mfanyabiashara wa sanaa ambaye kila neno lake lina bei, kuna Vlad huko chini kwenye makaa, Mserbia. Unaanza na kitabu kimoja, ukija kushtuka unafukuzia vitu vinne na kila mmoja pale ndani anakudanganya.

Fundo la kwanza ni saa, na hili ndo linawaangusha wengi.

Kwenye gemu hii kuna saa mbili tofauti na hakuna mahali wanakuambia waziwazi. Kabla ya meli kugonga mwamba wa barafu, muda hauendi wenyewe. Unaweza kusimama sitahani nusu saa unaangalia nyota, saa ya mfukoni imeganda palepale. Muda unasogea tu pale unapofanya jambo la maana kwenye stori, umeongea na mtu fulani, umepata kitu fulani, basi saa inaruka mbele kidogo. Ina maana wewe ndo unaisukuma meli kwenda kwenye ule mwamba. Kila ukifanikiwa jambo, umeisogeza. Hii nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima na ilinikaa kifuani siku kadhaa, kwasababu nilikumbuka nilivyokuwa nashangilia kila nikipata kitu.

Alafu inafika 11:40 kwenye skrini, sisi tunasema saa 5:40 usiku, meli inagonga, na kuanzia hapo sheria inabadilika bila tangazo. Saa inaanza kwenda yenyewe. Ukisimama inaenda, ukisoma barua inaenda, ukiongea na mtu anayekupotezea muda inaenda. Wale uliokuwa unawatafuta kirahisi sasa wamehama, mmoja yuko kwenye maboti, mwingine kakimbilia chini. Mtu aliyezoea gemu inamsubiri saa tatu nzima ghafla haimsubiri tena, na hapo ndo wengi wanafanya kosa la kukimbilia boti. Boti utalipata, kupona utapona, lakini vitu umeviacha ndani ya meli. Kwahiyo jibu la lile swali la mwanzo, nusu yake ni hii: gemu haikuhesabii kupona kwako. Inahesabu umetoka na nini mkononi.

Kwa uhalisia nafasi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi gani? Titanic iligonga saa 5:40 usiku ikazama saa 8:20, ni masaa mawili na dakika arobaini tu. Maboti ya kuokolea yalikuwa 20, nafasi 1,178 kwa ujumla, na meli ilikuwa na watu zaidi ya 2,200. Waliokufa ni zaidi ya 1,500. Na hayo maboti yenyewe hayakujaa, boti namba 7 ambalo ndo la kwanza kushushwa liliondoka na watu kama 28 wakati lina nafasi ya 65, kwasababu saa ile watu hawakuamini meli kubwa vile inaweza kwenda chini, walikuwa wanaona ndani kuna taa na joto, kwenye kiboti kuna giza na baridi. Gemu imelishika hili vizuri mno. Baada ya kugonga hakuna makelele. Watu wanaendelea kuulizana ulizana, muziki unapigwa, na wewe peke yako kwenye meli nzima ndo unajua.

Fundo la pili ni vile vitu. Viko vinne: kitabu, picha ya kuchorwa, daftari, na mkufu wa almasi. Mkufu uweke pembeni, huo ni utajiri wako binafsi tu. Vitatu vilivyobaki ndo vinaamua karne.

Nianze na kitabu maana hapa ndo pametamu, na watu wengi waliocheza mpaka leo wanadhani ni cha kutungwa. Kitabu ni Rubaiyat, mashairi ya Omar Khayyam yule mshairi na mtaalamu wa hesabu wa Uajemi, nakala iliyotiwa vito. Kilikuwepo kweli. Wafunga vitabu wawili wa London, Francis Sangorski na George Sutcliffe, walikifanyia kazi miaka miwili mpaka 1911, jalada la ngozi lina tausi watatu wa dhahabu na vito zaidi ya 1,000, yakuti, zumaridi, feruzi. Kikapelekwa New York kuuzwa, forodha ya Marekani ikadai ushuru mkubwa mwenye mali akagoma, kikarudishwa London. Kikapigwa mnada Sotheby's tarehe 29 Machi 1912, kikaenda kwa pauni 405 tu, wakati kilitarajiwa zaidi ya mara mbili ya hapo, akanunua Gabriel Wells wa New York. Na kikapakiwa kwenye meli ya kumpelekea. Meli ndo hiyo. Mpaka leo kiko huko chini, karibu mita 3,800, kama kimebaki chochote.

Na haikuishia hapo. Sangorski mwenyewe alikufa maji wiki chache tu baada ya ajali, akioga baharini. Miaka ya thelathini Stanley Bray, mpwa wa Sutcliffe, akachukua michoro ya zamani akatengeneza cha pili, kikawekwa kwenye chumba cha chuma cha benki London kiwe salama na vita. Bomu la Wajerumani likaangukia hapohapo. Ngozi ikaungua, vito vingi vikapona, na mzee yule hakukata tamaa, alipostaafu akatengeneza cha tatu kwa vito vilevile, kiko British Library tangu 1989. Sasa rudi kwenye mwanzo wa gemu uangalie: bomu London, alafu Titanic, alafu kitabu. Kitabu cha kwanza kilikufa na meli, cha pili kikafa na bomu, na gemu nzima imekaa katikati ya hivyo vifo viwili. Sijui kama waliotengeneza walikusudia. Mi nikicheza sasa hivi kile chumba cha 1942 nakiona tofauti kabisa.

Na kwetu sisi hicho kitabu si kigeni hata kidogo. Shaaban Robert aliyaweka mashairi hayohayo kwa Kiswahili, Omar Khayyam kwa Kiswahili, 1952. Mtu wa Tanga, Vibambani kule. Mimi nilikuwa mtoto Tanga nahangaika kumpora Mjerumani kitabu cha Omar Khayyam kwenye skrini na kilometa chache tu kutoka pale alizaliwa mtu aliyekitia kwenye lugha ninayoongea. Hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuunganisha juzi tu, na nimefurahi sana kuunganisha.

Kwenye gemu kitabu kina kazi gani? Kikifika kwa Waserbia wa kikundi cha Mkono Mweusi, vito vinauzwa, hela inagharamia mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, Sarajevo, 28 Juni 1914, na vita ya kwanza ya dunia inawaka. Ukikiwahi wewe, hela hakuna, mauaji hakuna. Kikundi kilikuwepo kweli na kweli ndo kiliwapa silaha wale vijana. Lakini hapa lazima niseme, hoja ya gemu imelegea. Silaha zile zilikuwa bastola nne na mabomu sita ya mkono, zilitoka kwa maofisa wa jeshi wa Serbia. Kazi ile haikuhitaji yakuti wala zumaridi. Ilikuwa ya bei rahisi kabisa na ndo maana inaumiza ukiisoma, Ulaya nzima ilichomwa na kijana wa miaka kumi na tisa mwenye bastola moja.

Picha sasa. Ni picha ndogo iliyochorwa na kijana mmoja wa Vienna asiyejulikana, na ukija kujua ni nani unabaki kuitazama tu: Adolf Hitler. Hili nalo limesimama kwenye ukweli. Chuo cha Sanaa cha Vienna kilimkataa mara mbili, 1907 na 1908, na mwaka 1912 alikuwa anaishi kwenye bweni la wanaume mtaa wa Meldemannstraße, anachora majengo ya mji na kuuza apate kula. Gemu inasema picha hii ikifika salama Marekani itapendwa, jamaa atakuwa msanii, siasa ataziacha. Kama hoja ya historia ni nyepesi, kwasababu kilichomwinua yule mtu ni Ujerumani iliyoshindwa vita, yenye njaa na hasira, na watu kibao waliotaka mtu wa kusema anayosema. Lakini kama hoja ya binadamu nimeiheshimu sana. Umeshika kitu kisicho na hatia yoyote, jengo na anga, rangi ya maji.

Daftari lina majina ya vigogo wa Bolsheviki, wakomunisti wa Urusi. Likiwafikia polisi wa siri wa Tsar, mfalme wa Urusi, wanakamatwa, mapinduzi ya 1917 hayapo, Umoja wa Kisovyeti haupo. Nitapita haraka hapa kwasababu kwangu ndo fundo dhaifu kuliko yote: polisi wale, Okhrana, mwaka huohuo 1912 walikuwa na mtu wao ndani kabisa. Roman Malinovsky alichaguliwa kamati kuu ya chama kwenye mkutano wa Prague, Januari 1912, na alikuwa analipwa na Okhrana. Majina walikuwa nayo. Hawakukosa majina, walikosa namna ya kuzuia nchi nzima isichoke.

Haya, turudi kwenye mkanganyiko wenyewe. Mtu anauliza, kama nimekiokoa kitabu na vita ya kwanza imezuilika, picha ya nini tena? Bila vita ya kwanza huyo mchoraji angeinukia wapi? Na mapinduzi ya Urusi si yalizaliwa na vita hiyohiyo? Swali zuri na ukiliuliza hivyo gemu haina majibu, kwasababu yenyewe haikuipanga historia kama mnyororo ambao ukikata pete moja zote zinaanguka. Imeipanga kama boti lenye matundu matatu. Kitabu kinaziba tundu moja, picha la pili, daftari la tatu, na kila moja linahesabiwa peke yake. Ukitoka na vitu viwili, balaa linapitia tundu la tatu, na mara nyingine linakuwa baya kuliko lile tulilolipata kweli, kwasababu yale mabaya mengine mawili hayapo tena ya kulizuia. Ndo maana miisho iko mingi na mingi ni ya kuogofya. Ukitoka mikono mitupu historia inajirudia vilevile. Ukitoka na vyote vitatu ndo unapata ule mwisho wa amani, Frank mzee, karne imepita kimya. Aliyekuambia alimaliza na dunia ikaharibika zaidi hakucheza vibaya, alitoka na viwili.

Kuna kitu kingine kwenye ule mwisho wa amani ambacho hakisemwi popote na mi siwezi kukiacha. Gemu inakuonyesha Ulaya iliyotulia, na hiyo ndo zawadi. Ila mi nimekulia Tanga. Vita ya kwanza ya dunia ilipigwa pale, Novemba 1914, Waingereza walishusha askari kutoka India, wakapigwa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck wakarudi melini, na nyuki waliwavamia askari porini mpaka leo wazee wanaiita vita ya nyuki. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu kutoka kila kijiji, Kenya na Tanganyika, wakafa makumi kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa si kwa risasi, na kambi yao ya Carrier Corps ndo imetuachia jina Kariakoo pale Dar, na Kariokor Nairobi. Sasa toa hiyo vita. Wale wapagazi wanaishi, wanazeeka kwao, na mi hilo nalitaka kwa moyo wote. Lakini pia Tanganyika inabaki ya Mjerumani, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na hakuna anayejua angeondoka lini. Kariakoo haina hilo jina. Waliotengeneza gemu hawakuwaza huku, walikuwa wanawaza Ulaya na ni haki yao, ila mtu wa huku akifika ule mwisho anapaswa aruhusiwe kusimama kidogo aulize amani ya nani.

Fundo la tatu ni meli yenyewe, na hili ni fupi. Watu wanajaribu kuiokoa. Mi pia nilijaribu, nilienda kutafuta kila mtu mwenye sare nimwambie kuna barafu. Haiwezekani, hakuna njia. Unaweza kuzuia vita mbili za dunia na mapinduzi lakini huwezi kuzuia mwamba mmoja wa barafu, na kila mtu unayepishana naye pale ngazi kuu usiku ule unajua ana masaa mangapi. Mwanzoni niliona ni uvivu wa watengenezaji. Siku hizi naona walikuwa sahihi kuliko mahali pengine popote, kwasababu wale watu walikufa kweli, wana majina, wana wajukuu, na gemu iliyokuruhusu kuwafufua kwa kubofya ingekuwa imewachezea.

Meli waliijenga kwa heshima pia. Ikumbukwe picha za ndani ya Titanic ziko chache mno, nyingi unazoziona zimeandikwa Titanic ni za Olympic, meli pacha wake iliyotangulia kujengwa palepale Harland and Wolff, Belfast. Ngazi kuu ndo ipo, na bafu la Kituruki, na chumba cha mazoezi chenye mashine ya umeme ya kupanda kama ngamia, ambayo ilikuwepo kweli kabisa. Kuna na sehemu ya kutembea tu bila stori, hakuna jasusi wala saa, na nina uhakika wapo watu walioicheza hiyo peke yake. Leo kuna kazi nzito zaidi, wale wa Titanic: Honor and Glory wametoa onyesho la Demo 401 ambalo vyumba vinang'aa kama vya kweli, 401 ikiwa ni namba ya meli pale kiwandani. Nimetembea humo. Ni pazuri mno, ila hakuna anayenidanganya, hakuna karata mezani, na nilitoka baada ya nusu saa nikarudi kwenye ile ya 1996 yenye midomo ya ajabu.

Kuipata si shida tena. Inauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, na inakubali kwenye kompyuta za sasa bila kuhangaika na sidii. Picha ni ndogo, kwenye skrini kubwa inaonekana kama dirisha la chooni, usiivute sana itapasuka rangi. Seva (yaani hifadhi ulipofikia) mara kwa mara, na weka seva moja ya pekee kabla ya meli kugonga usiifute, kwasababu ukishapita pale huna muda wa kurekebisha ulichokosa. Watafute watu wote kabla, maongezi ndo yanabeba nusu ya funguo, na ukiona mtu anaongea upuuzi msikilize mpaka mwisho. Kama Kiingereza kinakusumbua kaa na mtu, mi mwaka jana nimeicheza na binti yangu wa miaka kumi na moja, yeye anabofya mi natafsiri, na yeye ndo aliyegundua kabla sijamwambia kwamba saa haiendi tusipofanya kitu.

Alipogundua akaniomba tusiendelee. Tulikuwa tumebakiza jambo moja tu meli igonge. Tukaseva hapo, tukapanda sitaha ya juu, baridi, nyota, dohani nne zimesimama, ile ya nne ya mwisho nikamwambia haikuwa ya injini bali ya kupitishia hewa, na muziki unasikika kwa mbali kutoka ndani. Ile seva bado ipo kwenye kompyuta. Ameipa jina lake, na amenikataza kuigusa.